Mwenye gari ajue kupima oili kabla ya kuilipia



Nami natoa maoni yangu kuhusu jambo linalotugusa wengi tunaomiliki magari madogo, nalo ni matunzo ya kawaida ya gari. Kila wanapokutana wenye magari wawili watatu, ubishi ni ule ule. Mmoja atasema gari lisiguswe na mtu yeyote ila karakana ya wakala wa kampuni iliyolitengeneza. Mwingine atasema huko ni kutupa fedha, na kwamba mtu mwenye spana na jeki anaweza kumaliza kila kitu nyumbani kwake siku ya Jumapili.

Kwa maoni yangu wote wawili wanakosea, kwa sababu wanabishania mahali pa kupeleka gari badala ya kujiuliza ni kazi gani inayotakiwa kufanywa. Kuna kazi za mwenye gari na kuna kazi za fundi aliyesomea. Asiyejua kuzitenganisha ataliwa fedha kote kote.

Nianze na mawakala. Haki yao wapewe. Wanavyo vitabu vya kila aina ya gari, vipimo vya kompyuta vya kusoma hitilafu, vipuri halisi na kumbukumbu za kazi waliyofanya. Mtu aliyenunua gari jipya lenye dhamana ana sababu ya kwenda kwao, ingawa hata yeye ni vyema ausome mkataba wake mwenyewe asitegemee maneno ya kaunta. Huko Marekani sheria ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kuifunga dhamana kwa sharti la kutumia vipuri au huduma za jina fulani, isipokuwa azitoe bure au apate ruhusa maalumu. Wenzetu waliona mapema kwamba dhamana inaweza kugeuzwa kamba ya kumfunga mnunuzi.

Lakini je, wangapi kati yetu wana magari mapya? Magari yetu mengi tumeyanunua yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na dhamana ya kiwanda ilikwisha zamani. Tena mawakala wengi wako katika miji mikubwa. Hatuwezi kumwambia mwananchi wa Kasulu au Tunduru asafiri mamia ya kilometa kwenda kumwaga oili, kisha arudi mamia mengine huku oili hiyo mpya imeshaanza kuchakaa.

Isitoshe, bei kubwa si ushahidi wa kazi nzuri. Mwaka mmoja nililipeleka gari langu kwenye karakana moja kubwa yenye sakafu ya vigae na wafanyakazi waliovaa sare. Kabla ya kwenda nilitia alama ndogo ya kalamu chini ya chujio la hewa. Niliporudishiwa gari, ankara ilionyesha chujio jipya na gharama ya kulibadili. Nilifungua kifuniko pale pale, chujio likawa ni lile lile lenye alama yangu. Waliomba radhi na kunirudishia fedha. Sisemi kwamba karakana zote hufanya hivyo, wala sisemi kwamba gereji za chini ya mwembe ni safi zaidi, maana huko nako nimeona oili ya kopo lisilo na lebo ikiuzwa kwa jina la oili bora. Ninalosema ni kwamba kama nisingejua chujio la hewa liko wapi, ningelipa na kushukuru.

Basi mwenye gari ajue nini? Kwanza apime oili mwenyewe. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe kwa dakika kadhaa, kijiti kitolewe, kifutwe, kirudishwe na kutolewa tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Injini nyingi ndogo huchukua kiasi cha lita 3 na nusu hadi 4, kwa hiyo anayekuuzia lita 5 na kuzimimina zote anakuumiza mara mbili, kwani oili ikizidi hupigwa povu na kushindwa kulainisha vyuma. Aina ya oili imeandikwa katika kitabu cha gari. Namba kama 5W-30 si mapambo. Ya kwanza inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na ya pili uzito wake ikiwa moto. Muda wa kuibadili pia umo kitabuni, na kwa magari ya barabara za vumbi, foleni na safari fupi fupi, muda huo ufupishwe.

Pili, maji ya rejeta yaangaliwe injini ikiwa baridi, na kifuniko kisifunguliwe kamwe ikiwa moto, maana maji hayo huruka na kuunguza uso. Maji ya bomba peke yake huleta kutu. Yatumike yale maalumu ya rangi. Tatu, upepo wa matairi upimwe kabla ya safari kwa kufuata kibandiko ambacho mara nyingi kipo kwenye mlango wa dereva. Tairi lina tarakimu 4 za kuzaliwa kwake: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Anayenunua tairi azisome kabla ya kutoa fedha. Kuongeza maji ya waipa, kubadili chujio la hewa, kusafisha vichwa vya betri na kubadili balbu ni kazi ambazo mtu yeyote makini anaweza kujifunza kwa siku moja.

Hapo ndipo pa kusimama. Breki, usukani, mkanda wa taimingi, mifuko ya hewa ya usalama na umeme wa magari yanayotumia betri kubwa si kazi za kujaribia. Anayefungua breki kwa kubahatisha anaweka rehani maisha ya watoto wake, ya jirani aliyempa lifti na ya mwendesha baiskeli asiyemjua. Akosaye kubadili balbu atakaa gizani, lakini akosaye kufunga breki ataua. Vile vile mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, na gari lisimamishwe juu ya stendi imara za chuma.

Wanaomwaga oili nyumbani nao wasiimwage mtaroni au nyuma ya choo. Oili chafu inaharibu udongo na maji tunayokunywa sote. Iwekwe katika dumu na kupelekwa kwa wanaoikusanya.

Kwa hiyo ninatoa maombi matatu. Kwa mawakala na wenye gereji: mwonyesheni mteja kipuri cha zamani mlichokitoa, na muandike ankara inayotaja kila kitu pamoja na aina ya oili. Fundi mwaminifu hapotezi chochote kwa kufanya hivyo. Kwa wahusika wa usalama barabarani: katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, pamoja na kukagua magari na kubandika stika, wafundisheni wenye magari kupima oili, maji na matairi hadharani. Vyuo vya ufundi navyo vifikirie mafunzo mafupi ya jioni kwa ajili yetu, akina mama na akina baba, si vijana wanaotafuta kazi tu.

Kwa wenzangu wenye magari: nunueni daftari. Andikeni tarehe, kilometa, kilichobadilishwa na nani alikibadili, na mbandike risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo litakuonyesha kama karakana inakubadilishia kitu kile kile kila miezi mitatu, na siku ya kuuza gari litakutetea kuliko maneno yako.

Kwenda kwa wakala si ufahari, na kujitengenezea si ushujaa. Tuzifanye kazi zetu, tuwaachie mafundi zao, na tuzikague kabla ya kuzilipia.

Msomaji wako,
Mwenye Gari Dogo,
Morogoro.