Mwana Ataka Kuwa Rubani

Juma lililopita mzee mmoja wa parokia yetu alikuja ofisini na barua ya mwanawe aliye Marekani. Kijana anakaa kule kwa kibali cha kudumu, na leseni ya kwanza ya kurusha ndege amekwisha kuipata. Sasa aomba fedha za somo la pili, la kuruka kwa vipimo. "Karani," mzee aliniuliza, "ataka nini tena, naye leseni anayo? Niuze shamba la kahawa?"

Nilimweleza hivi. Ndani ya wingu rubani haoni mbingu wala nchi, na mwili wake humdanganya: hudhani yu sawa, kumbe ndege imelala upande. Basi hufundishwa kuziamini saa zilizo mbele yake, huku amevikwa kofia imzuiayo kuona nje. John F. Kennedy mdogo, mwana wa yule Rais Mkatoliki, alianguka baharini usiku wa Julai 16, 1999, pamoja na mkewe na dada wa mkewe. Cheti hiki hakuwa nacho. Tena rubani wa biashara wa Marekani asiye nacho haruhusiwi kuchukua abiria wa kulipa usiku, wala katika safari ipitayo maili 50 za baharini. Mwajiri gani atamtaka?

Njia ni mbili. Ya kwanza huitwa Sehemu ya 61: mwanafunzi hutafuta mwalimu, hulipa kila arukapo, na hutakiwa saa 40 za vipimo, pamoja na saa 50 za safari za mbali akiwa yeye ndiye rubani. Ya pili, Sehemu ya 141, ni shule yenye mtaala uliokubaliwa na serikali. Saa 35 zatosha, wala zile 50 haziulizwi. Leseni ya biashara nayo hudai saa 250 kwa njia ya kwanza, na 190 kwa ya pili.

Mzee akasema upesi, "Basi ya pili ni rahisi!" Sivyo, baba. Hizo ni saa za chini kabisa, na wengi huzipita. Na shule nyingine hutaka fedha zote mbele. Februari 2008 shule kubwa ya marubani wa helikopta huko Marekani ilifungwa ghafula. Wanafunzi wengi wakabaki na madeni, leseni hawana.

(Kijana aendaye kwa viza ya masomo hana uchaguzi mpana hivyo: sharti shule iwe imeruhusiwa kupokea wageni.)

Shamba halikuuzwa siku ile. Tuliandika barua kumwuliza kijana: wanafunzi wa shule hiyo humaliza kwa saa ngapi hasa? Yawezekana kulipa kidogo kidogo? Akiacha katikati, fedha zitarudi? Mzee akatia sahihi, akaenda kupalilia kahawa yake. Majibu tunayangoja.