MIKONO YA FUNDI: Je, kuchonga kunalisha nyumba?

Mwezi uliopita tulizungumza habari za cherehani. Mwezi huu tuna swali ambalo wazazi kadhaa wametuletea, wengine wametusimamisha hata pale bombani: "Mtoto wangu anashinda anachonga vipande vya kuni. Nimwache, au nimkataze?"

Tusilichukulie juujuu swali hilo. Kuni anazochonga ni zile zile za kupikia maharage, na muda anaotumia ungeweza kuwa wa daftari. Basi, kabla ya kujibu tueleze kwanza kazi yenyewe ilivyo, maana wengi wanaiona pale inapomalizika tu, kinyago kimeshang'aa. Sisi tuliifanya kazi hii Bujumbura, katika ateliye moja ya Kinindo.

KINDOTO CHA KUTWA NZIMA

Wanaoijua Bujumbura wanaijua Kinindo: kartie ya kusini mwa jiji, ukishuka kutoka Musaga kuelekea ziwani. Nyumba zina ua na kuta ndefu, na wageni wa mashirika walipanga huko. Ateliye yetu haikuwa jumba. Ilikuwa mabati juu ya nguzo nyuma ya nyumba ya watu, udongo chini, na magogo yamepangwa pembeni.

Siku ilianza saa 12 asubuhi, kabla jua la Bujumbura halijakasirika. Kazi ya kwanza si kuchonga, ni kunoa. Tezo, patasi pana, patasi nyembamba, kisu: kila kimoja kinapita kwenye jiwe mpaka kinyoe nywele za mkono. Kijana mgeni alikuwa ananuna, "Sasa tutaanza kazi saa ngapi?" Kumbe kazi imeshaanza! Chuma butu hakikati, kinararua. Tena ndicho kinachoumiza mtu, maana unakisukuma kwa nguvu nyingi na kinateleza.

Baada ya hapo ni tezo. Unakaa chini, gogo umelibana kwa miguu, unatoa mabonge makubwa mpaka kichwa, mabega na magoti yaonekane kidogo kidogo. Hapo hakuna macho wala mdomo bado. Fundi mzuri hana haraka ya uso. Anazungusha gogo, analitazama upande huu na upande ule, maana ukishatoa kipande hakirudi. Mfinyanzi akikosea anaongeza udongo. Sisi tunapunguza tu.

Mchana jua likiwa kali tunashika patasi na nyundo ya mti kivulini. Jioni ni tupa, halafu msasa. Hili neno msasa lenyewe ni jina la mti wenye majani yanayokwaruza, ambayo wazee walisugulia kabla karatasi ya dukani haijafika. Kusugua kunachukua muda kuliko watu wanavyodhani. Kinyago cha urefu wa mkono kinaweza kuchongwa siku 3 na kusuguliwa siku 2. Mwisho ni nta, au rangi ya viatu, na kitambaa.

Halafu vumbi. Jamani, vumbi la mti si la kuchezea. Linaingia kifuani, na miti mingine inawasha macho na ngozi. Tulifunga kitambaa puani, na mtoto mdogo haruhusiwi kukaa karibu na anayesugua.

MTI NDO BOSI

Watu wanadhani fundi ndiye anayeamua. Hapana bwana, mti ndo bosi. Gogo bichi lina maji mengi. Yale maji yakitoka, mti unasinyaa, na unasinyaa zaidi kwa kuzunguka kuliko kuelekea kwenye kiini. Ndiyo sababu nyufa zinatoka katikati kwenda nje kama miale ya jua. Ukichonga kinyago kwenye gogo bichi leo, ukamuuzia mtu, baada ya miezi michache uso umepasuka na mteja harudi tena.

Dawa yake ni subira. Gogo linawekwa kivulini juu ya mawe, lisiguse udongo, na ncha zake zinapakwa nta au rangi kuukuu ili maji yasitokee huko kwa haraka. Mafundi wengi wanakadiria mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene wa ubao. Kiangazi cha Juni hadi Septemba kinasaidia, mvua zikirudi unafunika.

Mti wenye sifa kubwa ni mpingo. Kiini chake ni cheusi, pembeni ni cheupe, na ni mzito hata ukitiwa majini unazama. Lakini unakua polepole mno, miaka 70 hadi 100 mpaka ufae kukatwa. Sisi Kinindo tulitumia zaidi miti iliyopandwa, kama jakaranda na grevilea. Kuna wanaopaka mti mweupe rangi nyeusi ya viatu na kuuza kwa jina la mpingo. Vijana, msiige hayo. Mnunuzi akikwaruza chini na kuona weupe, ameshawaita wezi ninyi na mafundi wote wanaowafuata.

NANI ANANUNUA?

Hapa ndipo penye moyo wa swali. Wageni walinunua vinyago, ndiyo, tena baadhi ya mafundi walipeleka kazi zao kuuzwa mjini. Ila mgeni hanunui kila siku. Kilichotulisha hasa ni vitu vya nyumbani: vinu, miiko, viti, misalaba ya makaburi, milango yenye nakshi. Wenzetu wengine walichonga ngoma. Kwetu Burundi ngoma hutobolewa katika gogo zima la mti uitwao umuvugangoma, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe. Ngoma hiyo ya kifalme iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014.

Mwaka 2015 ghasia zilipoanza mwezi wa 4, wageni wengi waliondoka. Vinyago vilibaki vimepangwa ukutani vinatutazama. Anayejua kinyago peke yake alilala njaa kwanza. Anayejua na mwiko alilala njaa baadaye kidogo. Kisha tuliondoka wote. Wengi wetu tulipita Kagunga na kuvushwa kwa meli ya Liemba mpaka Kigoma. Magogo yaliyokuwa yamekauka miaka 2 yalibaki. Tulichobeba ni patasi 2 na tupa moja ndani ya nguo za mtoto. Tezo tuliyo nayo leo ilifuliwa na mhunzi kutoka springi ya gari, na inakata vizuri kabisa.

Sasa hesabu, maana familia hazili sifa. Tuseme kinyago kimekuchukua siku 5. Gogo ulinunua 8,000, msasa na rangi 2,000. Mteja anatoa 30,000. Usiseme umepata 30,000; umepata 20,000, yaani 4,000 kwa siku. Ukikaa wiki 2 ndipo apatikane mteja mwingine, zile 20,000 zinagawanywa kwa siku 19. Ni kama 1,050 kwa siku. Mke wako akijua hesabu hii tangu mwanzo, nyumba haigombani.

WENZETU WALIOVUKA MTO

Hatusemi haya kuwavunja moyo. Vinyago vya Kimakonde ambavyo dunia inavijua vilikuzwa sana na watu waliohama. Wamakonde wengi walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kuja Tanganyika kutafuta kazi, na wengine wakaja wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964. Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani katika miaka ya 1950. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kwa ule mtindo wa watu wengi waliobebana katika gogo moja, ambao baadaye uliitwa ujamaa. George Lilanga, Mmakonde wa kusini mwa Tanzania aliyefariki mwaka 2005, alifika Dar es Salaam na kuajiriwa Nyumba ya Sanaa kama mlinzi. Kazi zake zikaja kuonyeshwa Ulaya na Marekani.

Na kule Kenya, Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga akiwa Tanganyika wakati wa vita kuu ya kwanza, akarudi nayo kwao. Ufundi wa mtu mmoja ukawa kazi ya Wakamba kwa maelfu, hata wakaanzisha ushirika wao Mombasa mwaka 1963. Mkimbizi hubeba alichonacho kichwani na mikononi. Hicho hakuna anayekipekua mpakani.

BASI, TUMJIBU MZAZI

Mama, usimkataze. Lakini mwekee masharti. La kwanza, shule kwanza, patasi baadaye. La pili, asiende porini kukata mti, wala asimtume dada yake. Mnajua wenyewe yanayowapata akina mama na wasichana huko, na mnajua ugomvi wetu na wanavijiji juu ya miti. Aombe mabaki kwa maseremala; kipande cha kiganja kinatosha kujifunzia. La tatu, aanze na mwiko. Mwiko ukikaa sawa mkononi mwa mama yake na usipasuke kwenye ugali, hapo amefaulu mtihani. La nne, aandike hesabu kwenye daftari. La tano, afunge kitambaa puani.

Na binti akitaka? Mpeni patasi naye. Tezo haiulizi mkono ni wa nani, inauliza imenolewa au la.

Je, kuchonga kunalisha nyumba? Peke yake, mara nyingi hapana. Pamoja na shamba dogo, useremala au duka la mke, kunalisha, tena kunamfanya mtu ajue kesho yake inaanzia wapi.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI JIONI

1. Katika familia yetu, nani alijua kazi ya mikono kabla hatujakimbia? Amemfundisha nani?
2. Kitu gani cha nyumbani tunachonunua ambacho tungeweza kukichonga wenyewe?
3. Watoto, bibi na babu walichonga au kufinyanga nini? Waulizeni leo, msingoje kesho.

Tukutane mwezi ujao, tutazungumza habari za kufuma vikapu. Mbaki salama.