Dar hadi Guangzhou: kilomita sawa, na saa je?
Ndugu mwandishi, kilomita umezipatia: kama 8,700 angani kutoka Dar hadi Guangzhou. Ila sisi wafanyabiashara wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, tunahesabu saa. Ndege isiyotua njiani hutumia takribani saa 11. Ukipitia Dubai unaongeza kama kilomita 1,100, na kusubiri ndege ya pili kunaweza kula nusu siku. Halafu China wako saa tano mbele yetu: ukiondoka hapa saa 5 asubuhi unashuka saa 9 usiku, maduka ya Xiaobei, huko Guangzhou, yamefungwa, na hoteli inakutoza usiku mzima (kwa usingizi gani?). Kurudi ndiyo nafuu, zile saa tano unarudishiwa. Mzigo tulioufuata wenyewe uko melini, wiki kadhaa, na wateja Kariakoo wanapiga simu kila siku.