Kabla hujauza Vitz yako uchukue Benz ya mkopo, piga hesabu hii

Omera, tuongee ukweli. Wewe ni dereva. Una miaka 25 au 26, una Vitz au Probox, na unajua kila shimo kutoka Kondele hadi Mamboleo. Lakini Jumamosi jioni ukipita Milimani unaona kijana wa rika lako akishuka kwenye Mercedes C200 nyeusi, watu wote wamegeuza shingo. Unajiuliza, huyu amenishinda nini?

Kabla hujapata jibu, simu inaingia ujumbe. Gari la ndoto zako, lipa kidogo leo, zilizobaki tutakukopesha. Ndani ya dakika tano ushaanza kujiona ukiingia ushago Desemba, watoto wakikimbia nyuma ya gari.

Kwa hivyo swali ni hili: dereva kijana hapa Kisumu akope pesa anunue gari la kifahari? Jibu langu ni hapana, kama hilo gari linategemea kazi ya barabarani ili lijilipe. Lakini usiniamini kwa sababu nimeandika kwenye gazeti. Tupige hesabu pamoja.

Nusu ya hiyo ndinga ni ushuru

Tuanze na kitu ambacho muuzaji hakwambii. Gari la mtumba likifika bandari ya Mombasa, serikali inakata ushuru wa forodha asilimia 35. Juu ya hapo inakuja ushuru wa bidhaa, asilimia 25 kwa injini ya petroli iliyozidi 1500cc, halafu VAT asilimia 16. Na ujue hizi hazikatwi kando kando. Kila moja inapandia mgongo wa nyingine.

Chukua gari ambalo KRA imelipima kwa Sh1,000,000. Forodha ni Sh350,000. Ushuru wa bidhaa unahesabiwa kwa ile 1,350,000, unapata Sh337,500. VAT nayo inaangukia jumla ya hapo, Sh270,000. Tayari ni Sh957,500, na hujalipa ada ya uagizaji wala ile ya reli. Yaani kwa kila milioni ya gari, kuna karibu milioni nyingine ya ushuru. Wewe ukikopa, unalipa riba hadi kwa huo ushuru.

Halafu kuna sheria ya miaka minane. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo ile Benz ya bei nafuu unayoonyeshwa mjini mara nyingi iliingia kitambo. Imeshaendeshwa na watu wawili au watatu hapa hapa Kenya, na wewe unakopa kununua uchovu wao.

"Asilimia tatu tu"

Utaniambia pesa sasa ni rahisi, riba zimeshuka. Ni kweli, kwa kiasi. Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13 Februari 2024. Kuanzia Agosti mwaka huo ikaanza kuishusha, na kufikia Agosti 2025 ilikuwa asilimia 9.5.

Lakini hiyo ni habari ya mtu wa payslip. Benki inataka kuona mshahara unaoingia kila mwezi. Wewe unalipwa mia mbili mia mbili kwa M-Pesa, nyingine keshi, nyingine umeshaweka mafuta. Kwa hivyo unaishia kwa wale wa kukopesha kwa logbook, na wao hawasemi riba ya mwaka. Wanasema "asilimia tatu tu kwa mwezi". Inasikika ndogo kama bei ya omena.

Tuseme umekopa Sh1,000,000 ulipe kwa miezi 24. Kuna njia mbili za kuhesabu hiyo tatu.

Njia ya kwanza, riba inahesabiwa kwa salio linalopungua. Ukilipa, deni linashuka, na riba inashuka nalo. Utalipa kama Sh59,000 kwa mwezi, na mwisho utakuwa umerudisha takriban Sh1,417,000.

Njia ya pili, riba inahesabiwa kwa ile milioni ya kwanza hadi siku ya mwisho, hata kama umebakisha elfu hamsini. Hapo ni kama Sh71,700 kwa mwezi, jumla Sh1,720,000. Asilimia ni ile ile tatu, lakini tofauti ni zaidi ya laki tatu. Na anayekukopesha hatakwambia ni njia gani usipouliza.

Sasa linganisha na sacco. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Milioni hiyo hiyo kwa miezi 24 ni kama Sh47,000 kwa mwezi, na riba yote haifiki Sh130,000. Shida ni kwamba sacco inataka uwe umeweka akiba kwanza, kawaida theluthi moja ya unachotaka kukopa, na uwe na wadhamini. Inataka subira. Logbook haitaki subira, ndiyo maana bei yake iko juu.

Nilivyoijua hii kitu

Mimi si mwanauchumi. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikashika Probox ya mjomba wangu, Kisumu hadi Bondo na kurudi. Kila nilichoandika hapo juu nilikijua kwa kuchomeka.

Nilikuwa na jamaa yangu, tumekua naye Manyatta. Alikuwa na Vitz yake mwenyewe, bila deni. Alikuwa kwa apu za teksi, anajulikana, wateja wanampigia moja kwa moja. Siku moja akaniambia ameona C200, Sh1,800,000. Akauza Vitz, akaongeza akiba yake yote, akapata 800,000. Milioni iliyobaki akakopa, kwa ile njia ya pili. Alihitaji mdhamini. Nilitia sahihi nikiwa nimeegemea boneti, nikicheka.

Mpango wake haukuwa wa kijinga. Alisema Benz itakodishwa kwa harusi, na itabeba wageni wa mikutano kutoka uwanja wa ndege. Miezi miwili ya kwanza ilienda poa, ilikuwa Novemba na Desemba. Januari ikafika. Harusi hakuna. Akarudi kwa apu, na apu haijali viti vya ngozi. Mteja wa kutoka Nyalenda kwenda Mega City analipa ile ile, uje na Benz uje na Vitz. Kampuni nayo inachukua kamisheni yake, ambayo kanuni za mwaka 2022 zimeiwekea kikomo cha asilimia 18.

Ukitaka kupata Sh71,700 kwa siku 26 za kazi, lazima kila siku uweke kando zaidi ya Sh2,700. Hapo hujaweka mafuta, hujala, hujalipa nyumba. Mwezi wa sita giaboksi ikaanza kusumbua, kipuri kikatoka Nairobi. Alilipa hadi mwezi wa saba. Wa nane akachelewa, na wa tisa akachelewa. Asubuhi moja akatoka nje akakuta gari haliko. Hakuwa ameibiwa. Walikuwa wameweka kifaa cha kufuatilia, wakaja na breakdown usiku.

Gari likauzwa kwa mnada Sh1,100,000. Hesabu yao ikaonyesha bado anadaiwa zaidi ya laki moja na nusu, ukiweka gharama za kulivuta na za dalali. Jumlisha mwenyewe: laki nane za mwanzo, na kama laki tano alizolipa kwa miezi saba. Milioni moja na laki tatu zimeenda, Vitz imeenda, na deni limebaki. Baada ya hapo kila asubuhi saa mbili simu iliyolia ilikuwa yangu, mdhamini.

Sisi wawili hatuongei siku hizi. Si kwa sababu ya pesa tu. Mimi namwonea aibu kwamba nilicheka, na yeye ananionea aibu kwamba nililipa.

Ziwa halijui tarehe yako ya kulipa

Kuna watu watasema jamaa yangu hakuwa na nidhamu. Sikubali. Shida kubwa ni kwamba mapato ya Kisumu yanapanda na kushuka, lakini mkopo haushuki.

Fikiria pesa ya dereva hapa inatoka wapi. Inatoka kwa mama wa samaki anayetoka Usenge na Luanda Kotieno, kwa mwenye duka pale Kibuye, kwa mgeni wa Dunga aliyekuja kula ngege. Wao wakikauka, na wewe unakauka. Novemba 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi ufuoni Ogal, hapa tu karibu na mji. Waliopata hasara ya kwanza ni wenye vizimba, lakini dereva aliyekuwa akibeba hao samaki alipata hasara ya pili, na hakuna aliyemhesabu.

Mwaka 2023 kulikuwa na maandamano ya Jumatatu na Alhamisi. Kondele ikifungwa, mji umefungwa. Hizo ni siku mbili za kazi kwa wiki. Mwaka huo huo petroli ikavuka Sh200 kwa lita. Juni 2024 tukarudi barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na ndani ya huo mswada kulikuwa na pendekezo la kutoza magari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Pendekezo hilo liliondolewa, na baadaye mswada wote ukaondolewa. Lakini jifunze kitu hapo: gari la bei kubwa ni la kwanza kuonekana serikali ikitafuta pesa.

Ukiwa na Vitz isiyo na deni, wiki mbaya ni wiki ya kula ugali na sukuma. Ukiwa na Benz ya mkopo, wiki mbili mbaya zinatosha kukupeleka kwa dalali.

Na nyadhi je?

Sitajifanya kama hii haipo. Sisi tunapenda kuonekana vizuri. Nyadhi iko kwa damu. Na si ubatili mtupu: hapa mtu anapimwa kwa gari aliloshuka nalo. Kwenye matanga, mwenye gari kubwa anapewa kiti cha mbele. Kwenye ofisi, mlinzi anakufungulia geti bila kukuuliza unaenda kwa nani. Kuna watu wamepata kazi za maana kwa sababu walionekana kama watu wa maana. Kijana aliyekulia Manyatta akidharauliwa kila siku ana haki ya kutaka heshima.

Lakini hiyo heshima unaweza kuikodi. Una harusi, una mkutano mmoja mkubwa? Lipia Benz ya siku moja, piga picha zako, rudisha funguo Jumapili. Utakuwa umetumia elfu kadhaa, si miaka miwili. Kumbuka pia kwamba ukikopa, logbook inakuwa na majina mawili, lako na la aliyekukopesha. Geti linafunguka kwa gari ambalo bado si lako.

Ukiwa bado unataka kukopa

Najua wengine mmeshaamua. Basi fanya haya kwanza.

Jaribu miezi mitatu. Kila mwezi weka kando pesa sawa na ile ya mkopo, kwa sacco, kama vile ushachukua gari. Usiguse. Ukishindwa mwezi wa pili, ushapata jibu bila kupoteza gari. Ukiweza, ushaanza kuwa na akiba ya kukopea kwa bei nafuu.

Uliza swali moja na ulitaje hivi: "Mwisho wa yote nitakuwa nimelipa shilingi ngapi?" Waandike kwa karatasi. Uliza pia gharama za bima, kwa sababu wengi watakulazimisha uchukue bima kubwa, si ile ya third party. Sheria iliyopitishwa Desemba 2024 iliwaweka wakopeshaji wasiopokea akiba, pamoja na wa magari, chini ya Benki Kuu. Kwa hivyo uliza kama wana leseni. Akikasirika kwa swali hilo, ondoka.

Usiuze gari linalokulisha ili upate amana. Kama lazima ukope, kopa uongeze gari la pili la kazi, ili moja likiharibika lingine liende barabarani. Hiyo Benz itakuja baadaye, kwa faida ya hayo mawili.

Na ukiitwa kuwa mdhamini wa rafiki, soma kama vile mkopo ni wako. Ukiona hesabu haikai, mwambie hapana ukiwa bado mnaongea. Atakukasirikia mwezi mmoja. Mimi nilisema ndiyo, na sasa ni mwaka wa pili.