Uhamisho wa makinda: Bila rekodi, jasho la klabu za mtaani huenda bure

KUANZIA uwanja wa Ligi Ndogo kwenye Barabara ya Ngong, jirani na Kilimani, hadi Kawangware na Dagoretti, ni nadra kwa mtoto mwenye kipaji cha kusakata kandanda kulelewa na klabu moja pekee. Mwaka huu huvalia jezi ya timu ya mtaa, mwaka ujao huitwa na akademia, kisha shule ya upili yenye jina humwahidi karo. Kila anapohama huzuka swali lile lile: ni nani aliyemlea?

Swali hilo lina uzito wa fedha. Dennis Oliech alipitia Dagoretti Santos na Mathare United kabla ya kuelekea Al-Arabi ya Qatar mwaka 2003. Victor Wanyama naye alichezea Nairobi City Stars na AFC Leopards akiwa kinda, kabla ya kuvuka hadi Ulaya. Mwaka 2013, Southampton ya Uingereza ilimtwaa kutoka Celtic ya Scotland kwa ada iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 12.5.

Chini ya kanuni za Shirikisho la Soka Duniani (FIFA), mchezaji anaponunuliwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kumalizika, asilimia 5 ya ada hutengewa klabu zilizomfunza tangu akiwa na umri wa miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 hupewa asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 asilimia 0.5.

Kwa ada ya kiasi hicho cha Southampton, mwaka mmoja wa kumlea mtoto wa miaka 12 una thamani ya pauni 31,250. Kwa timu inayochangisha nauli kila Jumamosi, hizo ni fedha za kuendesha shughuli kwa miaka kadhaa.

Hata hivyo, mgao huo hulipwa kwa ushahidi wa usajili, wala si kwa kumbukumbu za kocha. Tangu Novemba 2022, FIFA hupitisha malipo ya aina hii katika kituo maalumu kinachotegemea pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji. Klabu ambayo haikumsajili mtoto katika mfumo wa shirikisho la nchi yake haina pa kushika.

Aidha, kanuni hiyo haigusi uhamisho wa kawaida wa humu nchini. Kijana akitoka Kilimani kwenda Kasarani, klabu ya kwanza hutegemea kanuni za Shirikisho la Soka la Kenya (FKF) na maafikiano kati ya pande mbili.

Hapo ndipo mizozo huanzia. Kocha aliyegharamia viatu na maji, akiona anaachwa mikono mitupu, hushika silaha pekee aliyo nayo: kukataa kutoa barua ya kumwachilia mchezaji. Mzazi naye, akihofia kuzuiliwa, humhamisha mtoto kimyakimya.

Malalamiko ya kocha ni ya haki, lakini silaha yake humuumiza asiye na hatia. Kijana wa miaka 15 anayekaa nje msimu mzima haregeshewi msimu huo. Isitoshe, kumzuia hakumletei kocha hata senti moja, kwani mchezaji asiyekua hanunuliwi na yeyote.

Dawa ni kutenganisha haki hizi mbili. Mtoto awe huru kuhama msimu unapokwisha, na klabu ibaki na miaka yake kwenye rekodi. FKF inapaswa kuhakikisha kwamba usajili kuanzia umri wa miaka 12 ni rahisi na hauzitozi timu za mtaani gharama zisizoweza kumudu. Mzazi naye aulize iwapo mwanawe amesajiliwa, na wapi, kabla ya kubadilisha jezi.

Mcheza kwao hutunzwa, walinena wahenga. Kwa klabu za mtaani, tuzo hiyo haitafika iwapo jina la mtoto halikuandikwa popote.