Mabinti wa Kiislamu wasemewe hadi lini?

Halima Aden, binti wa Kisomali, alizaliwa mwaka 1997 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, akahamia Marekani akiwa mtoto. Mwaka 2016 alishiriki mashindano ya urembo ya Minnesota akiwa amevaa hijabu, na muda si mrefu picha zake zikapamba majarida makubwa ya mitindo.

Novemba 2020 aliacha kazi hiyo. Alisimulia jinsi alivyopitwa na sala, na jinsi alivyowahi kufungwa suruali ya jinzi kichwani badala ya hijabu yake. Walitaka sura yake, si imani yake.

Hayuko peke yake. Mwaka 2019 jarida la Vogue la Marekani lilitoa picha ya mwandishi wa habari Noor Tagouri, likaandika jina la mwigizaji wa Pakistan. Jarida liliomba radhi, lakini somo limebaki.

Hata hivyo, tusiwanyooshee kidole wageni tu. Kwetu pia, hijabu ikijadiliwa, anasema baba, anasema sheikh, anasema mwandishi. Binti huitwa kupigwa picha. Akijifunika, huambiwa amelazimishwa. Asipojifunika, huambiwa amepotoka. Nani amemuuliza?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunasema: binti aulizwe kwanza, anukuliwe kwa maneno yake, apewe na kalamu aandike mwenyewe. Na akisema hapana, kama Halima, aheshimiwe.