Moteri inayokunywa maji haitapona na dawa ya chupa



Kila mara msimu wa kukoboa mpunga unapokaribia hapa mu Bonde la Ruzizi, swali moja linarudi mu mikutano: tununue ile dawa ya kutia mu mazutu, ili moteri yetu ya zamani isikufe? Komite zingine zimekwisha kujibu: kila pipa, chupa moja. Fundi amesifu, muuzaji ameapa, na juu ya chupa kuna picha ya injektere inayong'aa sawa sahani mpya.

Mawazo yangu ni haya: kwa koperative nyingi, pesa ya hiyo chupa inatupwa. Haiko kwamba dawa zote ni uongo. Kuna zinazofanya kazi, na nitasema ni zipi na kwa moteri gani. Lakini kinachoua moteri zetu ni maji, uchafu na vumbi ya makapi, na hivyo vyote vitatu haviogopi chupa. Mtasema: huyu ni agronomu, nani alimwita ku mekanike? Ninajiita mwenyewe, juu mpunga ambao haukukobolewa kwa wakati unaishia kwa mfanyabiashara kwa bei anayotaka yeye, na hapo kazi ya miezi yote shambani inapotea.

Dekortikeze nyingi za huku zinazungushwa na moteri ya silinda moja. Kuna zile nzito, za polepole, za aina ya Lister. Asili yao ni Uingereza, miaka ya 1930, na India imeendelea kutengeneza mifano yake. Kuna pia za China, zenye maji ya kupoza yaliyo wazi juu. Zote ni ngumu, zinavumilia mambo ambayo moteri ya gari la leo haiwezi kuvumilia. Ila zina fasi moja laini: pompi ya kusukuma mazutu, pamoja na injektere. Ndani ya pompi, kile kichuma kinachopanda na kushuka kinaacha nafasi ya mikroni chache tu kati yake na ukuta wake. Unywele wa mutu una karibu mikroni 70. Na kinacholainisha ile nafasi si mafuta ya moteri, ni mazutu yenyewe. Njo maana ubora wa mazutu si jambo dogo.

Sasa, tuanze na upande ambao wauzaji wana haki. Mazutu ya zamani ilikuwa na sufuri nyingi. Nchi za Afrika ya Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 isipite sehemu 50 kwa milioni, na mazutu yetu ya Kivu inapitia huko, Dar es Salaam ao Mombasa. Kwa mapafu ya watoto wetu hiyo ni habari nzuri. Lakini kazi ya kutoa sufuri kiwandani inatoa pia vitu vingine vinavyofanya mazutu iteleze. Sweden ilianza kutumia mazutu safi namna hiyo mu mwaka 1991, na haikukawia: pompi zikaanza kulika. Kwa hiyo watu wanasema mazutu ya sasa ni "kavu", na moteri ya zamani inaomba dawa.

Wanachosahau kusema ni kwamba baada ya mambo ya Sweden wenye viwanda walijifunza. Leo dawa ya utelezi inatiwa mu mazutu mbele ifike ku stasio, na kuna kipimo cha kuangalia kama inatosha. Ukinunua mazutu nzuri, mara nyingi dawa imo ndani tayari. Mwenye chupa anakuuzia kitu kile kile mara ya pili.

Mambo inabadilika ukinunua kwa Kadhafi, mu bidoni, pembeni ya barabara. Siwatukani, wale ni wandugu wanaotafuta chakula kama sisi, na siku stasio haina kitu wao njo wanaokoa kazi. Lakini mazutu yao imepita mu bidoni ngapi? Wengine wanaongeza petroli ya taa ndani, na petroli ya taa haitelezi sawa mazutu. Kama koperative yenu iko na trakta ya zamani, kwa mfano Massey Ferguson yenye moteri ya Perkins na pompi ya kuzunguka, hapo nakubali. Pompi ya namna hiyo inaogelea yote mu mazutu, haina mulinzi mwingine. Muitilie dawa iliyoandikwa kwamba inaongeza utelezi wa dizeli, na muipime kwa sindano ya hospitali. Kama karatasi ya chupa inasema sehemu moja kwa 1,000, pipa la litre 200 linaomba mililita 200. Kuzidisha hakuongezi nguvu. Kwa Lister ya kukoboa, ambayo pompi yake ni ya aina ingine na inavumilia zaidi, mimi singetoa franga hata moja kwa hiyo dawa mbele ya kumaliza kazi ifuatayo.

Kazi yenyewe ni maji. Maji ni mazito kuliko mazutu, yanashuka chini ya pipa na kungoja pale. Yanaingia na mvua kupitia kifuniko kibovu. Yanaingia hata bila mvua: rezervuari iliyo nusu tupu inavuta hewa ya mchana yenye unyevu, usiku unapopoa ule unyevu unageuka matone ndani ya bati. Kisha mu mpaka wa maji na mazutu kunaota vijidudu, vinaleta yale matope meusi yenye kuteleza sawa makamasi. Kila mashinisti ameyaona, wengi wanafikiri ni uchafu wa stasio. Matone yakifika ku pompi yanaleta kutu. Yakifika ku ncha ya injektere, fasi yenye moto mkali, yanageuka mvuke kwa ghafla na kuvunja ile ncha. Na hapa kuna dawa zinazoongeza hatari: zile zinazochanganya maji na mazutu ili "yapotee". Hayapotei, yanapita pamoja na mazutu mpaka ku injektere.

Dawa ya maji ni subira na robine. Pipa likifika, liache limetulia siku nzima, saa 24, bila kulisukuma. Vuta mazutu kutoka juu, usifikishe mupira chini; acha upana wa kiganja, hiyo ya mwisho ichujwe pembeni. Toa maji chini ya rezervuari kila asubuhi mbele ya kuwasha. Jaza rezervuari mangaribi, si asubuhi, ili usiku hewa isipate nafasi. Na ile desturi ya kuchuja kwa kitambaa cha kikwembe, tuiache: kikwembe kinazuia majani, hakizuii mchanga mdogo wala maji, na nyuzi zake zinaingia ndani.

Kisha vumbi. Hii ni fasi ambayo agronomu anaweza kusema bila kuomba ruhusa. Makapi ya mpunga yanabeba silika nyingi, kitu kile kile kilicho ndani ya mchanga. Moteri inayofanya kazi mita mbili kutoka ku mdomo wa dekortikeze inavuta mchanga siku nzima, na ule mchanga unakula silinda na segmenti. Kama filtre ya hewa ni ile yenye kibakuli cha mafuta, angalieni kila siku msimu ukiwa moto; mafuta yakiwa mazito sawa uji, badilisheni. Nimeona koperative zinazotia dawa kila pipa, na filtre ya hewa imefungwa kwa soksi.

Segmenti zikiisha, moteri itatoa moshi wa buluu, na hakuna chupa inayorudisha chuma kilicholika. Ahadi ya kupunguza mazutu pia, muisikilize kwa sikio moja. Shirika la serikali ya Marekani linalolinda mazingira limeangalia vitu zaidi ya 100 vilivyouzwa kwa ahadi ya kupunguza mafuta ya magari, na halikuona hata kimoja chenye kuleta faida kubwa.

Wengine wananiuliza juu ya mawese. Swali si la ujinga. Mu mwaka 1937 G. Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipata hati ya uvumbuzi kwa kugeuza mawese kuwa mafuta ya moteri, na mwaka uliofuata basi lilitembea nayo kati ya Brussels na Louvain. Lakini yeye aliyageuza kwanza kwa alkoli. Mawese ya sokoni yakitiwa hivi hivi ni mazito, yanaganda na kuacha masizi ku injektere. Mafuta ya moteri yaliyotumika ni mabaya zaidi, yamebeba unga wa chuma.

Basi, mbele komite haijapiga kura juu ya chupa, naomba mambo mawili. Chukueni chupa ya kioo, safi, mujaze mazutu ya chini ya pipa lenu, muiache usiku mzima, kisha asubuhi muilete mu mkutano wote waone kilicho chini. Na mwekahazina alete hesabu mbili: bei ya dawa kwa mapipa ya msimu wote, na bei ya filtre mbili za mazutu, robine moja na bidoni safi zisizotumika kwa kitu kingine. Mashinisti naye aje na kaye yake, tuone mara ya mwisho filtre ilibadilishwa tarehe gani. Kama hana kaye, inunuliwe siku ile ile.